Jiwe Chini ya Mpeasi

Wrocław, 1 Oktoba

Kaka Zenon,

Usishtuke kuona barua. Najua tulizungumza kwenye simu Jumapili, lakini yale hayakuwa mazungumzo. Mimi nauliza baba anaendeleaje, wewe unasema "hivyo hivyo," halafu unanihadithia mvua. Basi mimi naandika, na nawe tafadhali uniandikie.

Nina shida ya kazi. Unajua tunatengeneza mchezo wa kompyuta, wenye mashujaa na majoka na wachawi. Majoka wanayachora wengine. Mimi nachora ndoo, ngazi, viti, uzio, yale yote ya kijijini ambayo shujaa anayapita bila kuyatazama. Bosi wangu Radosław amekiangalia kijiji nilichohangaika nacho tangu Pasaka, akasema, "Bogna, kizuri, ila humu haishi mtu." Nilitamani kumtwanga na kimoja cha viti vyangu. Nilipotulia nikakitazama tena, nikaona amesema kweli. Kila kitu kimechongwa jana. Hakuna mlango uliochakaa mahali panaposhikwa. Mwisho wa mwezi kijiji kikikataliwa kinafutwa chote, na shujaa atapita msituni tu.

Kwa hiyo nimeamua kuiba kwetu Gruszniki. Picha hizi nimezichapa kwa ajili yenu. Utaona nyumba yetu, ghala, kisima. Na kule mpakani na jirani zetu akina Hieronim nimeweka ule mpeasi, na chini yake jiwe la mpaka, lile lenye mfuo tuliokuwa tunanolea visu utotoni. Mwonyeshe baba, halafu mniambie nini kimepungua. Na peasi vipi mwaka huu, zimezaa?

Mdogo wako,
Bogna

*

Gruszniki, 6 Oktoba

Mdogo wangu Bogna,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika kwa sababu simu yetu inashika jikoni tu, karibu na dirisha, na kitanda cha baba tumekihamishia jikoni kwa ajili ya joto. Miguu imemchoka, masikio bado. Nikikohoa ghalani ananiuliza kulikoni.

Sasa hicho kijiji chako. Nyumba kumi na saba na choo hata kimoja. Hao watu wako wanajisaidia wapi, au uchawi ndio huo? Weka vyoo vya nje, kimoja kiiname, kama cha Bronek. Njia zako zote zinapinda kwa adabu kwenye kona, na mimi sijamwona mwanakijiji anayezunguka kona ilhali anaweza kukata katikati ya majani. Mbwa umemfunga mnyororo, vizuri, lakini nyasi zinamwota miguuni. Mbwa wa mnyororo anajichorea duara la udongo mtupu, nyumba yote inasikia harufu yake mvua ikinyesha. Lango lifunge kwa waya. Bawaba ilivunjika, mwenye nyumba akasema ataitengeneza kesho, na kesho hiyo haijafika tangu babu yuko hai.

Benchi umelipatia. Hilo limenigusa.

Peasi zimeoza chini kama kila mwaka. Baba hataki zichumwe.

Jambo moja. Jiwe umelikosea. Jiwe letu la mpaka liko kule kwenye mfereji, siyo chini ya mpeasi. Lisogeze, au liondoe kabisa. Afadhali uliondoe.

Kaka yako,
Zenon

*

Wrocław, 10 Oktoba

Kaka,

Vyoo vimeingia. Cha Bronek kimeinama mpaka Radosław kacheka hadi machozi. Duara la mbwa nimelichora siku nzima na sasa hata mimi naisikia harufu yake. Kijiji kimeanza kupumua, asante sana.

Ila mimi kazi yangu ni kusoma vyombo vya watu, Zenon. Umeniandikia kwamba kitanda kiko jikoni, ukapitisha hapo hapo kwenye habari za simu kana kwamba ni kitu kidogo. Nikimwekea mchezaji kitanda jikoni, anajua kabla hajamwona mtu kwamba nyumba hii ina mgonjwa asiyeinuka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari amesema nini?

Kuhusu jiwe sikukosea. Nina picha ya siku ya komunyo yangu ya kwanza: nimesimama juu ya jiwe na gauni jeupe, mpeasi uko nyuma yangu, na Hieronim anacheka pembeni kwa sababu peasi imeniangukia kichwani. Kwa hiyo jiwe linabaki. Tena nimeliongezea. Unakumbuka hadithi ya bibi, ya mtu aliyesogeza jiwe la mpaka akafa nalo moyoni? Anatembea mpakani amelikumbatia, linamuunguza kama kaa la moto, na kila anayekutana naye anamuuliza, "Niweke wapi? Niweke wapi?" Sasa yumo kwenye mchezo wangu. Atazunguka mpakani mpaka mchezaji amjibu lile jibu. Radosław ameipenda mno, ataiweka kwenye video fupi itakayotoka tarehe ishirini.

Mwambie baba. Bibi alikuwa mama yake, atacheka.

Bogna

*

Gruszniki, 14 Oktoba

Bogna,

Sikumwambia na sitamwambia. Wewe pia usimwambie.

Daktari amesema ni mapafu. Amesema huenda akaiona Krismasi, na alivyolisema hilo "huenda" alikuwa anaangalia viatu vyake. Baba alinikataza kukuambia mpaka kazi yako iishe. Sasa umejua.

Picha zako alizitazama moja moja, akafurahi, akaniuliza kuku wako wanataga wapi. Alipofika ile ya mpeasi aliigeuza uso chini juu ya blanketi. Tangu siku hiyo hali kitu, anakunywa chai tu.

Na kuna balaa jingine. Wioletta, yule mwalimu, binti wa marehemu Hieronim na Mama Pelagia, hucheza michezo yenu kila akitoka shule. Amewatangazia watu dukani kwamba Bogna binti wa Walenty ametengeneza kijiji. Mwenyekiti ameshaazima projekta. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano wataionyesha video yako kwenye ukumbi wa zimamoto, kijiji kizima, na keki juu. Mama Pelagia atakaa mbele, kwa sababu macho yake si mazuri.

Nakuomba kama kaka yako, litoe lile jiwe. Mtoe na yule mtu wake. Usiniulize kwa nini.

Zenon

*

Wrocław, 17 Oktoba

Zenon,

Nilitaka kupanda treni siku ile ile nilipopata barua yako. Nikaisoma mara ya pili, nikakaa.

Unaogopa nini? Usingeogopa jiwe lililo mahali pake. Nimetoa ile picha ya komunyo nikaiweka kando ya maneno yako: jiwe sasa liko kwenye mfereji. Kutoka mpeasi mpaka mfereji ni ukanda mzima wa majani, ule ambao haukauki hata mwaka wa ukame. Ulikuwa wa Hieronim. Sasa nani anakata majani pale? Nani ana ng'ombe? Hieronim amekufa, mjane haoni vizuri, na wewe ndiye uliyebaki na shamba.

Baba anajua, ndiyo maana hataki peasi zichumwe. Ameona aibu yako miaka yote hii na sasa inamfuata kitandani. Na wewe unataka mimi nikufutie ushahidi.

Umemwibia mjane, Zenon. Mama Pelagia aliyetuletea mkate mama alipokuwa hospitali. Za mwizi ni arobaini, na zako zimetimia kwenye ukumbi wa zimamoto.

Jiwe linabaki.

Bogna

*

Gruszniki, 21 Oktoba

Bogna,

Hasira yako ni ya haki. Umekosea tu mlango wa kubisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa umeshapelekwa shule ya bweni. Ndio ule mwaka wa ukame, mama yuko hospitali, ng'ombe amebaki mifupa na tulikuwa tunamtegemea. Kulikuwa kunapambazuka, nimeamka kukamua, nikamwona baba dirishani. Amelikumbatia jiwe kifuani kama mtoto mchanga, anatembea polepole kuelekea mfereji, anasimama, anapumzika, anaendelea. Nilirudi kitandani nikajifunika. Alipokuja kuniamsha nilijifanya nimelala fofofo. Mama alirudi, ng'ombe akapona, mimi nikanyamaza. Yeye hajui kwamba nilimwona. Peasi hajala hata moja tangu siku hiyo. Anasema zinamuuma tumbo.

Sasa sikiliza. Kila jua likianza kuzama homa humpanda, ananiuliza, "Niweke wapi?" Mara ya kwanza nilidhani anasema glasi ya chai, nikaipokea. Akanitazama tu, akauliza tena. Padri amekuja, wamefunga mlango, ametoka uso umemsawijika, na jioni yake baba aliuliza tena.

Jibu nalijua. Bibi alitufundisha sote wawili. Lakini nikilisema nitakuwa nimemwambia baba yangu usoni kwamba namjua ni mwizi, tena kitandani anakofia. Nina miaka hamsini kasoro na bado namwogopa, Bogna. Namwogopa na ninamhurumia, na neno halitoki.

Video yako imetoka jana. Wioletta alinisalimia leo barabarani, hakucheka. Jumamosi mama yake ataona. Sijui kama baba afe kwanza au watu waje kwanza, na kuwaza hivyo tu ni dhambi.

Zenon

*

Wrocław, 23 Oktoba (ya haraka)

Kaka yangu,

Nisamehe. Nimeandika maneno ambayo hata adui simwandikii, na wewe umeyasoma ukiwa umekaa kando ya kitanda cha baba. Nimelia ofisini mbele za watu, Radosław akanifungia dirisha asijue la kufanya.

Video siwezi kuirudisha, imeshatazamwa na watu wengi. Ndani ya mchezo wenyewe bado naweza. Kule kwenu ni mtaimbo na mgongo, huku ni kidole kimoja. Leo nimelipeleka jiwe kwenye mfereji, nikalirudisha, nikalipeleka tena. Kila likikaa kwenye mfereji ule mpeasi unakuwa mti tu. Nimeshindwa. Nimeliacha chini ya mti na nimemwacha yule mtu, lakini ukiniambia nifute, nafuta yote, hata wakikifuta kijiji.

Ila mjibu, Zenon. Humwiti mwizi. Mtu amebeba mzigo miaka yote anakuuliza pa kuutua, na wewe ndiye uliye karibu. Kijiji kinakaguliwa Jumatatu. Kikipita kisipite, Jumatatu hiyo hiyo napanda treni.

Mdogo wako anayejuta,
Bogna

*

Gruszniki, 26 Oktoba, Jumapili

Mdogo wangu,

Barua yako ililetwa jana mchana. Hii labda utaikuta baada ya kurudi, lakini nisipoandika leo nitakuja kusahau nani alisema nini.

Jana ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa juu ya gari la zimamoto. Choo cha Bronek kilipotokea watu walipiga meza, na Bronek mwenyewe akasimama akainama kama msanii. Kila mmoja anaonyesha lango lake, benchi lake. Halafu ukaja mpeasi, na jiwe chini yake, na yule mtu anakuja na kitu kinachowaka mikononi. Wazee wote wa pale wanajua jiwe lilikuwa wapi zamani. Mama Pelagia alikaa mpaka mwisho, akafunga kitambaa chake kichwani, akatoka bila kuaga. Keki yangu niliiacha mezani.

Nilimkuta baba macho wazi.

"Wamecheka?"

"Wamecheka, baba."

"Na jiwe wameliona?"

"Wameliona."

Kisha akanishika mkono, hakuwa na homa, ananitazama machoni. "Niweke wapi, Zenon?"

Nikamwambia, "Weka ulipotoa, baba."

Sikufa. Naye hakufa. Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Ulikuwa macho asubuhi ile." Nikasema ndiyo. Akasema, "Siwezi kulinyanyua." Nikamwambia nitanyanyua mimi. "Kesho," akasema. Nikamkumbusha kesho ni Jumapili, hakuna anayeshika hata uma wa samadi hapa Jumapili. "Kesho," akarudia. "Mchana. Waone."

Basi leo nilikwenda misa ya kwanza, na misa ya pili ilipokuwa inatoka mimi niko kwenye mfereji na mtaimbo. Kijiji kizima kilipita barabarani na suti zake. Wengine walisimama. Baba nilimgeuzia kitanda dirishani na pazia nikalifungua. Jiwe zito, Bogna, sijui aliwezaje peke yake. Nimelikumbatia kama alivyolikumbatia, nikasimama pale alipopumzika, na machozi yananitoka mbele ya watu bila hata mkono wa kuyafuta.

Nilipoukaribia mti nikasikia, "Zenon. Leo Jumapili." Mama Pelagia, na viatu vyake vya kanisani, kwenye tope.

"Najua, mama."

"Na supu yangu ya kuku iko jikoni."

"Nenda, mama, isije ikaungua."

"Niende vipi na wewe unalipeleka pasipo pake?" Akapiga kisigino chini, upande wa pili wa shina. "Hapa. Chimba hapa."

Nikachimba. Chini ya majani nikakuta kigingi cha mwaloni, kimepigiliwa wima, juu kimepigwapigwa na nyundo.

"Hieronim alikiweka wiki ile ile," akasema. "Alimwona. Akasema Walenty atalirudisha ng'ombe akipata nguvu, na atalirudisha gizani kwa aibu, sasa asije akahangaika kupapasa mahali pake."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto.

"Tungesema, angekuwa mwizi. Tukanyamaza, akawa jirani aliyechelewa. Kachelewa kweli, baba yako. Hieronim alimngoja mpaka mwisho, hata siku ile ya kufa kwake aliniuliza kama limerudi."

Tukaliweka juu ya kigingi, hakuna aliyekitoa. Mama Pelagia akaokota peasi majanini, akaifuta kwenye koti lake la Jumapili, akaenda moja kwa moja jikoni kwetu bila kubisha hodi. Waliongea nini sijui. Nilibaki nje nikisafisha mtaimbo ambao haukuwa mchafu.

Baba alikula nusu nzima ya ile peasi. Jioni hii, jua likizama, akauliza tena, "Niweke wapi?" Alikuwa ameshika kikonyo cha peasi. Nikampa sahani.

Usifute kitu. Na uje upesi.

Zenon

*

Wrocław, 12 Novemba

Kaka,

Barua yako niliikuta mlangoni niliporudi kutoka mazishi ya baba. Uliyoniambia kwa mdomo kando ya jeneza nimeyasoma tena hapa, nimekaa kwenye ngazi na koti langu. Nashukuru nilimkuta bado anaongea. Unajua aliniuliza nini? Kama kuku wangu nimeshawapatia pa kutagia. Nimewapatia, ndani ya mkokoteni mbovu nyuma ya ghala.

Mama Pelagia alipowasha mshumaa kwenye kaburi la baba siku ya Watakatifu Wote kabla ya kuwasha kwenye la Hieronim, nilichutama nikajifanya napanga maua. Mwambie namshukuru.

Kijiji kimepita. Radosław anasema sasa anaogopa kuingia kwenye nyumba za humo bila kubisha hodi. Ila watu tuliowaita kuujaribu mchezo, wengi wao wakimwona yule mtu wa mpakani wanamkata kwa upanga, halafu wanashangaa kesho yake yupo tena. Wachache wanasimama wamjibu. Akijibiwa analiweka jiwe, anavua kofia, anaondoka.

Jana Radosław alikuwa anapekua kazi yangu, akaniita.

"Bogna, hiki kitu hapa chini ya jiwe ni nini?"

"Kigingi. Cha mwaloni."

"Kiko ardhini. Mchezaji hana namna ya kuchimba. Hakuna mtu atakayekiona, hata akicheza miaka ishirini."

Nikamwambia najua. Akangoja nimweleze, nami sikumweleza. Akaniuliza kama akitoe, nikasema kiache hapo hapo, na amekiacha.

Krismasi nakuja. Nikaushieni peasi, wewe na Mama Pelagia.

Bogna